Tupeane uzoefu: matembezi mepesi ya miguu vijijini Hispania, nataka kumpeleka mama

Mpanda Pole (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 66, yuko Morogoro. Mei anakuja kunitembelea huku Hamburg na ameshanionya kwamba hataki kuzungushwa madukani. Anataka kutembea. Kila asubuhi anakwenda kanisani na kurudi kwa miguu, kilomita tatu nne hivi, ila goti la kulia linamsumbua kwenye mteremko. Nimefikiria vijiji vya Hispania, kwa sababu mwaka jana nilikwenda mwenyewe na hamu haijaniisha.

Nilikwenda Frigiliana, kijiji cheupe juu ya mji wa Nerja, mkoa wa Málaga. Basi linakupandisha kwa muda mfupi tu. Mtaa wa zamani ni vichochoro vya ngazi, chini kumepangwa kokoto kwa mapambo, na ukutani kuna vigae vya maandishi vinavyosimulia vita vya mwaka 1569. Wamorisko, yaani wazawa wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, walikimbilia mlima ulio juu ya kijiji, wakazingirwa, wakashindwa. Nilisoma kigae baada ya kigae kwa msaada wa simu, saa nzima ikapita sijala. Nilipokula, niliwekewa biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa inayochemshwa palepale kijijini. Nimezaliwa karibu na mashamba ya miwa, na sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo kwetu!

Sasa, njia niliyoshukia, ya bonde la mto Higuerón, ni mawe matupu. Mama haiwezi. Nani ametembea vijijini huko bila kupanda milima? Taja ulianzia wapi, kilomita ngapi kwa siku, na jioni miguu ilikuwaje.

Nesi wa Leeds

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Uingereza kwa kazi ya unesi. Nilitembea kipande cha mwisho cha Camino de Santiago, ile njia ya kale ya mahujaji, kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, kama kilomita 115. Nilikwenda miezi minne baada ya kumzika baba. Sikutaka mtu anizungumzishe.

Wengi wanakimaliza kwa siku tano au sita. Mimi nilichukua nane, na simshauri mama yeyote achukue chini ya hapo. Begi hukulibeba wewe: asubuhi unaliacha mapokezi likiwa na bahasha ya hela, gari linalipeleka kijiji cha mbele, jioni unalikuta. Unabaki na maji, koti la mvua na kile kitabu cha kugongewa mihuri. Ukitaka cheti cha hija lazima utembee angalau kilomita 100, na kila siku ugongewe mihuri miwili, kanisani au hata kwenye mkahawa.

Kupotea ni vigumu, kwa kuwa mishale ya njano iko kila kona. Aliyeanza kuipaka ni padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, mwaka 1984, na mpaka leo watu wanaifuata bila kuuliza.

Portomarín iliniingia moyoni. Mji wa zamani uko chini ya maji ya bwawa la Belesar, lililojengwa miaka ya 1960. Kabla maji hayajapanda walilibomoa kanisa jiwe kwa jiwe, wakayapa mawe namba, wakalijenga upya juu ya kilima. Namba nyingine bado zinaonekana. Niliziangalia nikamwaza baba, aliyehamisha nyumba yetu ya mbao mwaka barabara ilipopanuliwa, na kila ubao aliuandika kwa chaki.

Njiani utaona vihenge vya Wagalicia, wenyeji wa Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania; wanaviita hórreo. Ni vya mawe au mbao, vimesimama juu ya nguzo, na kila nguzo imevikwa jiwe bapa ili panya asipande. Ndani huwekwa mahindi. Kisha, baada ya Arzúa, unaingia kwenye misitu ya mikaratusi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Harufu ile ni Limuru kabisa, ni boma la baba. Nililia pale mpaka nikamaliza, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akanigusa bega, akasema "Buen Camino," yaani safari njema, akaendelea na safari yake.

Mchapa Njia

Dada, pole kwa msiba. Ila tumwambie mleta mada ukweli wote. Ukitoka Portomarín kuna kupanda kwa saa kadhaa mpaka mgongo wa Ligonde, zaidi ya mita 300 kwa jumla. Si mlima, lakini goti bovu litalalamika. Halafu watu! Mwaka 2024 waliopewa cheti Santiago walikaribia 500,000, na wengi huanzia hapohapo Sarria. Mimi nilikwenda Julai. Vitanda nilikuwa nagombea. Mei mwanzoni au mwisho wa Septemba ni sawa, ilimradi vyumba mviweke mapema.

Bint wa Lamu

Assalaam alaykum. Kaka, umetaja Wamorisko, basi nami nikupeleke kwao hasa: Alpujarra, ubavu wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, basi moja kutoka Granada. Pampaneira, Bubión na Capileira ni vijiji vitatu vilivyopandiana kwenye bonde moja, la Poqueira. Huko ndiko maasi yao yalikowaka kuanzia mwaka 1568 hadi 1571, baada ya kukatazwa lugha na mavazi yao. Waliobaki hai walitawanywa maeneo mengine ya Hispania, na kuanzia 1609 wakafukuzwa nchini.

Nilipoingia Pampaneira nilisimama katikati ya njia. Nyumba zina mapaa ya bapa ya udongo wa kijivu, na chumba cha juu kinavuka kichochoro, wewe unapita chini yake kivulini. Wao huita tinao. Sisi Lamu ni wikio! Nilimpigia nyanya yangu kwa video, akaniuliza, "Hapo ni mtaa gani, Mkomani?" Sikuweza kumjibu kwa haraka, koo lilikuwa limekaza.

Tembea kwa masikio pia. Zeituni ni aceituna, sukari ni azúcar, na hata ile "hata" yetu wanayo, hasta, sote tumeichukua kwa Waarabu. Mfereji ni acequia. Na mifereji ndiyo njia yenyewe, maana maji hayapandi wala hayaporomoki ghafla, kwa hiyo kijia kinachofuata mfereji ni tambarare kwa sehemu kubwa. Nilitembea saa mbili asubuhi chini ya miti ya chestnut, maji yakiimba kando ya mguu wangu. Mifereji mingine inachukua maji ya theluji na kuyamwaga mlimani yazame ardhini, ili chemchemi za chini zisikauke kiangazi. Husimuliwa kwamba Wamorisko walipoondolewa, familia mbili ziliachwa kila kijiji ziwafundishe wageni kugawa maji. Iwe kweli au isiwe, wanaolima pale leo wanakunywa kazi ya mikono ya waliofukuzwa, na jambo hilo sikuweza kulitoa moyoni siku zote nilizokaa.

Chakula: nyama ya nguruwe imening'inia kila duka. Jifunze kusema "sin cerdo," yaani bila nguruwe. Mimi nilikula mayai, viazi na samaki wa mtoni.

Onyo kwa goti la mama: watu watakwambia mpande basi mpaka Capileira halafu mshuke kwa miguu. Msifanye hivyo. Njia za kati ya vijiji ni mawe yaliyosuguliwa, zina mteremko mkali, na goti huumia zaidi kushuka kuliko kupanda. Lala Capileira, mtembee mifereji kwenda na kurudi.

Kibo Mashariki

Bint wa Lamu, umenikumbusha Marangu, Kilimanjaro. Hiyo ndiyo mifereji yetu, mifongo! Babu alikuwa na siku yake ya maji, na aliyeiba zamu aliitwa mbele ya wazee. Je, huko nao bado wanagawana kwa zamu?

Bint wa Lamu

Ndiyo, kaka. Nilimkuta mzee na jembe begani akisubiri saa yake ifike ndipo afungue lango la maji.

Mtu wa Goma

Wandugu, mie niko Bruxelles, mzaliwa wa Goma. Nawaletea Garrotxa, karibu na Olot, kaskazini mashariki mwa Katalonia. Kuna njia ya mzunguko, kilomita kumi na kitu, inapita msitu wa Fageda d'en Jordà na volkano mbili, Santa Margarida na Croscat. Tuliimaliza na binti yangu wa miaka minane kwa saa tano, tukipumzika sana.

Msitu ule umeota juu ya lava ya Croscat, iliyolipuka zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Ardhi imejaa vilima vya mawe meusi, yamevaa kuvu la kijani, na miti yenye gome laini la kijivu imeshikilia mizizi palepale juu ya jiwe. Mwaka 2002 nilikuwa mtoto, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu, ikala nyumba yetu na shule. Jiwe lile nalijua. Tulilivunja kwa nyundo tukajengea ukuta. Binti yangu aliuliza kama kwa bibi pia kutaota msitu. Nilimwonyesha kwa simu picha za migomba inayoota Goma sasa juu ya jiwe lilelile, akafurahi, akaokota kipande akakitia mfukoni. Nilimwambia akirudishe, ni hifadhi, na alikirudisha mwenyewe mahali pake.

Shimo la Santa Margarida ni bustani ya majani, katikati kuna kanisa dogo. Kupanda mpaka mdomoni ni kwa dakika chache. Kule Castellfollit de la Roca nyumba zimekaa ukingoni mwa ukuta wa basalti wa mita 50. Na kijiji cha Santa Pau kina maharagi madogo meupe ambayo hamtayasahau.

Mchapa Njia

Mambo mawili ya haraka kabla uzi haujaenda mbali. Maduka ya vijijini hufungwa saa nane mchana mpaka saa kumi na moja hivi, kwa hiyo nunueni mkate na maji asubuhi. Na kiangazi Andalusia ya ndani joto hupita nyuzi 40. Mzee asitembezwe Julai wala Agosti.

Mleta mada, kwa goti lile tafuta njia inayoitwa vía verde. Ni reli za zamani zilizogeuzwa njia za miguu na baiskeli, nchi nzima zimepita kilomita 3,000. Treni haipandi kilima kikali, kwa hiyo nawe hupandi.

Mpanda Pole (mleta mada)

MREJESHO. Wakuu, tumerudi juzi.

Tulichukua Vía Verde de la Sierra, kati ya Olvera na Puerto Serrano, kilomita 36, tukaigawa siku nne. Tulianzia Olvera kwa sababu iko juu, na njia inashuka polepole mno, goti halikushtuka. Reli ile ilijengwa miaka ya 1920 na haikuwahi kupitisha treni hata moja, hela iliisha. Yamebaki mahandaki 30 na madaraja makubwa manne. Handaki refu linakaribia kilomita moja. Mama aliniambia nizime tochi kidogo, akaanza kuimba "Mwamba wenye imara," na sauti ikarudi kutoka mbele na nyuma kama kwaya nzima. Waendesha baiskeli wawili walishuka, wakasimama kimya mpaka alipomaliza ubeti wa mwisho.

Chini ya mwamba wa Zaframagón tulikaa saa mbili kuwatazama tumbusi. Wanaishi humo kwa mamia. Mama alikuwa akiwafundisha watoto kwamba tumbusi ni ndege mchafu. Siku ile alisema angekuwa bado darasani angerudia somo lile upya. Jioni ya mwisho tulirudi Olvera kwa teksi, akakaa kwenye benchi na wanawake watatu wa rika lake, kila mmoja na lugha yake, wakaonyeshana picha za wajukuu mpaka taa za ngome zikawaka.

Sasa anaulizia Galicia, kwa ajili ya vile vihenge. Nesi wa Leeds, nakuja PM (ujumbe wa faragha) unielekeze kuhusu magari ya mizigo na vijiji ulivyolala zile siku nane.