Kushuka mto kwa kayaki siku tatu, kuvua na kulala kambi: naombeni ushauri

NyuziNaNdoana:
Wakuu, habari zenu. Mimi na shemeji yangu tunapanga kushuka mto kwa siku tatu, tukivua njiani na kulala ukingoni. Kuogelea tunajua, na kafi tumezoea kupiga ziwani, ila maji yanayokwenda ni mageni kwetu. Kutoka tutakapoingilia hadi daraja tutakapotokea ni kilomita 75, kwa hiyo nimegawa 25 kila siku. Je, tuchukue kayaki mbili, za mtu mmoja mmoja, au mtumbwi mmoja? Nanga ifungwe wapi? Na mahali pa kupiga hema tupachague vipi? Fimbo, mishipi na chambo hapo sina shida.

Pondo:
Mkuu, kabla ya chombo turudi kwenye hizo 75. Mtu anayepiga kafi mfululizo kwenye mto mtulivu huenda kama kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Wewe hutapiga mfululizo, utavua! Kila ukiona kidimbwi kizuri utasimama, na mkono ukishaonja samaki mmoja saa nzima imekwisha. Halafu hema lisimame na chakula kiive kabla ya giza. Panga kilomita 12 hadi 15 kwa siku, utafute pa kutokea karibu zaidi. Na hiyo 75 umeipima kwa kufuata kona za mto au kwa mstari mnyoofu?

Angalia pia mteremko. Chukua mwinuko wa mwanzo, toa wa mwisho, gawanya kwa kilomita. Chini ya mita 1 kwa kilomita, mara nyingi maji ni mapole. Ikifika mita 3, tarajia misukosuko. Lakini wastani hudanganya, maana mto unaweza kulala kilomita kumi kisha ukashuka mita zote mahali pamoja. Ugumu wa mito hupangwa kwa madaraja, I (rahisi kabisa) hadi VI (hatari kabisa). Watu wa ziwani wenye mzigo wa kambi, bakini daraja la I. La II liwe fupi, na mlikague kwa miguu kwanza.

NyuziNaNdoana:
Mstari mnyoofu 😅 Naanza upya.

Mama Chelezo:
Kayaki mbili, mwanangu. Mmoja akipinduka, mwingine bado yuko juu ya maji wa kumsaidia.

Shetri:
Dada, hapo nakupinga kidogo. Mtumbwi wa kama mita 5 unabeba hema, jiko na chakula bila kubanana, na mmoja anavua huku mwenzake ameshika uelekeo. Kwenye kayaki unavua, unaelekeza na kuogopa kwa wakati mmoja. Vyovyote mtakavyochagua, msijaze chombo kupita theluthi mbili ya uzito kinaoruhusiwa kubeba. Vizito viwe chini katikati, kama farumi (uzito wa kutuliza chombo), vyote ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na vifungwe.

Nanga sasa. Kwenye mkondo usiifunge ubavuni hata siku moja. Kamba ikivuta ubavu, chombo kinakingama, maji yanapanda ukingo wake na mnapinduka. Ifunge omo (mbele) au tezi (nyuma), kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na kisu kiwe kwenye jaketi okozi, si ndani ya begi. Urefu wa kamba uwe angalau mara tatu ya kina. Maji yakiwa na nguvu, achana na nanga kabisa. Ingia nyuma ya jiwe kubwa, pale maji yanapozunguka taratibu, au panda ukingoni uvue kwa miguu. Hupotezi kitu: samaki wengi hukaa kwenye mpaka wa maji ya kasi na yaliyotulia, wakingoja chakula kiletwe.

Mama Chelezo:
Haya, mtumbwi nawaachia. Ila hakuna aliyetaja miti, nami naiogopa kuliko mawe. Mti ulioanguka mtoni unapitisha maji katikati ya matawi, lakini wewe na chombo hampiti. Mnabanwa pale, na maji yanaendelea kusukuma. Mingi iko upande wa nje wa kona, mkondo unapokula ukingo, na huko huko ndiko chombo kinakovutwa. Kateni kona kwa ndani. Msipoona mbele, shukeni mkatazame. Vivyo hivyo kwa ukuta mfupi wa kuzuia maji: ukitazamwa kutoka juu hauonekani wa kutisha, lakini maji ya chini yake yanamrudisha mtu ukutani tena na tena. Bebeni chombo, mpite nchi kavu.

Ukitupwa majini, lala chali, miguu itangulie kuelekea unakopelekwa, ulenge ukingo. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, mguu utanasa kwenye mawe na mkondo utakulaza kifudifudi.

Pondo:
Kambi: tazama nyasi na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka. Hiyo ndiyo alama ya mahali maji yaliwahi kufika, na hema likae juu yake. Mchanga mweupe kando ya maji unavutia, ila mvua ikinyesha mbali huko juu, mto unapanda usiku nyota zikiwaka. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia kabla ya kulala, ukiamka kukojoa ukimulike. Vyombo vivutwe juu na kufungwa kwenye mti. Kama mto una viboko au mamba, hiyo ni safari nyingine kabisa, msiende bila mwenyeji anayeujua.

NyuziNaNdoana:
Asanteni sana. Mpango mpya: kilomita 38, nimezipima kwa kona, mtumbwi mmoja, leseni ya kuvulia tayari. Mke wangu anabaki na ramani. Nimwambie tutatoka saa ngapi?

Shetri:
Mpe saa mbili tofauti: ya kuwatarajia na ya kuomba msaada, zipishane saa kadhaa, maana samaki wakikubali mtachelewa tu. Mwandikie pia rangi ya mtumbwi, mlipoingilia, mtakapolala kila usiku, na namba ya waokoaji wa eneo hilo. Mkitoka majini, mpigieni simu kabla hamjapakua chochote.