Mbwa ananigombanisha na jirani, niko Kange Tanga. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Nilipohamia huku Kange palikuwa pori tupu. Nikaibiwa matofali, kisha mota ya kisima. Fundi aliyekuwa ananijengea akanipa mtoto wa mbwa koko, nikamwita Popi. Sasa ana miaka minne na pori lote limekuwa nyumba. Ng'ambo ya njia imefunguliwa madrasa, watoto wanapita kila alasiri na juzuu zao, na mimi ukuta wa mbele sijamaliza. Popi hang'ati, ila anabweka na kuwafuata. Wiki iliyopita akalamba kanzu ya maalimu. Mzee hakugomba. Aligeuka tu akarudi kwake kubadili, na tangu siku hiyo salamu yake fupi. Mke wangu anasema Popi apelekwe kwa shangazi Muheza. Moyo unakuwa mzito.

FUNDI BATI: Mkuu, hiyo si kesi ya mbwa, ni kesi ya ukuta.

MPITA NJIA: Muheza atakula machungwa? 😂

BIBI WA MAKORORA: Mwanangu, umeeleza yote ila hujasema kama ulikwenda kuomba radhi. Hukwenda, si ndiyo? Kwetu Mashafii mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi ujue ulimwachia mzee kazi gani, na sala inamngoja. Mbwa wa ulinzi dini haikumkataza, na manyoya makavu yakigusa nguo kavu hakuna neno. Shida ni mate. Mfuate nyumbani kwake baada ya Isha, usimsimamishe njiani.

DAWA ZA MIFUGO: Watoto wanapita hapo kila siku na hujataja chanjo hata mara moja! Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi unaitunza. Muone afisa mifugo wa kata. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.
Halafu usimfunge mnyororo kutwa, ndiko kunakomfanya mkali. Mjengee banda kivulini, maji yasikauke, mfungulie usiku. Na kwa joto hili la pwani kupe hawana likizo: mkague masikioni na katikati ya vidole. Akigoma kula na fizi zikawa nyeupe, usingoje kesho. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo.

MPITA NJIA: Kumbe mbwa ana masharti kuliko mchumba.

MWENYE UZI: Nitukaneni tu, chanjo alipata moja, kadi imeliwa na mchwa. Jana amechomwa tena.
Bibi, nimekwenda. Maalimu alinikaribisha kahawa, na habari ya radhi hata hakuitaka. Alichotaka kujua ni Popi atafungiwa saa ngapi. Tumekubaliana saa nane mchana mpaka Magharibi. Shangazi wa Muheza nimemwambia asubiri kwanza.
Fundi Bati, geti la futi kumi utanifanyia bei gani?

FUNDI BATI: Njoo pm, ila advansi mkononi.