Mjadala: Jina la diski kwenye seva za Linux liamuliwe na kerneli au na msimamizi?

Mtunza Seva (mwanzisha mada)

Wakuu, naleta hoja ambayo najua itatugawa. Kwenye kundi lolote la seva za Linux, jina la aina ya /dev/sdb, ambalo kerneli (kiini cha mfumo) huipa diski, lisiandikwe popote. Si kwenye fstab (faili la diski za kumaunti, yaani kuunganishwa, seva inapowaka), si kwenye skripti, si kwenye maelekezo ya kazi, wala kwenye ujumbe wa kumwambia mwenzako "ifute ile sdc". Na diski inayoonwa na seva zaidi ya moja ipewe jina lililochaguliwa na watu, lile lile kwenye kila seva, likiwa limefungwa kwenye WWID, kitambulisho cha kipekee cha diski yenyewe.

Niseme kilichonifikisha hapa. Tulikuwa na seva mbili zilizojengwa siku moja, vifaa vile vile, toleo lile lile la mfumo. Tukaongeza diski mpya kwenye kila moja wakati wa matengenezo, huduma zikiwa zimesimamishwa. Kwenye seva ya kwanza diski mpya ilikuja kama sdb. Nikaandika skripti fupi ya kuifomati, nikaweka alama ya kulazimisha ili isiniulize maswali, nikaituma kwenye seva zote mbili. Kwenye ya pili, sdb ilikuwa diski yenye data. Jana yake ilikuwa sdc. Tulirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala rudufu, lakini kazi ya saa kadhaa ilipotea, na ilikuwa kazi ya watu wengine, si yangu.

Kerneli haikukosea. Inagawa herufi kwa mpangilio wa kuziona diski: ya kwanza kujitokeza ni sda, inayofuata sdb, ikifika sdz inaendelea na sdaa. Haijawahi kuahidi kwamba mpangilio huo utabaki. Ukaguzi wa vifaa unafanyika sambamba, kwa hiyo diski moja ikichelewa kidogo kuamka, kontrola ikiongezwa, au mtu akisahau flashi kwenye tundu la USB, herufi zote zinasogea. Wanaodhani NVMe, aina ya diski za kasi, imeponya hili wanajidanganya: namba ya nvme0n1 nayo inatokana na mpangilio wa kugunduliwa.

Nataka kusikia anayepinga.

Nyundo

Pole kwa yaliyokukuta, mkuu. Ila dawa unayoileta ni nzito kuliko ugonjwa. Sehemu ya kwanza ya hoja yako nakubali. Ya pili napinga.

udev, huduma ya Linux inayosimamia vifaa, inatutengenezea viungo chini ya /dev/disk bila sisi kuandika chochote: by-uuid, by-id, by-path, by-label. Weka UUID (kitambulisho kirefu cha nasibu) kwenye fstab, weka root=UUID kwenye GRUB, kiwashio cha mfumo, umemaliza. Biti 128, hakuna wa kugongana naye. Kwa nini niongeze faili la kanuni zangu mwenyewe ambalo litachakaa? Nimerithi seva zenye kanuni za udev zilizoandikwa na mtu aliyeondoka zamani. Diski mbili kati ya zilizotajwa hazikuwepo tena, moja ilikuwa imehamishwa, na hakuna aliyethubutu kugusa. Jina zuri kama /dev/data03 linakuficha ukweli. by-id ni ndefu na mbaya machoni, lakini inakuambia aina ya diski na namba yake ya seriali.

Mtunza Seva

Ndugu Nyundo, hapo ndipo penyewe. Tunasema "jina la diski" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe tunachanganya majina matatu.

Kuna jina la mahali. Hilo ni by-path: kontrola ipi, mlango upi. Kuna jina la kitu, yaani by-id na WWN (namba ya kipekee ya diski): diski hii hii, popote utakapoichomeka. Na kuna jina la yaliyomo, ambalo ni UUID na lebo: mfumo wa faili huu, hata ukinakiliwa kwenye diski nyingine. UUID unayoisifu ni ya kundi la tatu. Haiko kwenye diski, imeandikwa ndani ya mfumo wa faili.

Sasa angalia matokeo yake. Diski mpya iliyo tupu haina UUID kabisa. Skripti yangu ilikuwa inakwenda kufomati diski tupu, kwa hiyo UUID isingeniokoa hata kidogo. Halafu chukua snapshoti (nakala ya papo hapo) ya LUN (diski inayotolewa kwa seva kupitia mtandao) kwenye mtambo wa hifadhi, ionyeshe kwenye seva ile ile yenye LUN ya asili. Una diski mbili zenye UUID moja. Kiungo cha by-uuid ni kimoja tu, kitaelekea kwenye mojawapo. XFS, aina ya mfumo wa faili, angalau inakataa kumaunti ya pili wakati ya kwanza iko hewani, mpaka uipe chaguo la nouuid au uibadilishie UUID. LVM, inayounganisha diski kuwa hifadhi moja, italalamika kuhusu PV (diski zake) zilizojirudia mpaka upitishe amri ya vgimportclone. ext4, mfumo mwingine wa faili, haitakuzuia. Vivyo hivyo kwa mashine pepe zilizozaliwa kutokana na kiolezo kimoja: zote zina UUID ile ile, na siku utakapochomeka diski ya moja kwenye nyingine ili kuokoa data, utaliona balaa.

WWID za zile LUN mbili ni tofauti. Ndiyo maana nasema tufunge jina hapo.

Dada wa Hifadhi

Samahani kaka, huo mgawanyo wa mahali, kitu na yaliyomo naupenda, lakini umeutumia kufikia jibu moja wakati unadai majibu matatu.

Mimi natunza seva za hifadhi zenye matundu 24 ya diski kila moja. Diski kwangu ni kama tairi, zinaisha. Ikifa moja saa nane usiku, aliye kwenye chumba cha seva hahitaji WWN ya tarakimu 16. Anahitaji kujua achomoe ipi. Anachomoa, anaingiza mpya, na mpya ina WWN nyingine kabisa. Ningefunga majina kwenye kitu kama unavyotaka, ningehariri faili kila diski inapokufa, usiku, nikiwa na usingizi. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Kwa hiyo natumia jina la mahali kwa makusudi. ZFS, mfumo wa faili ninaoutumia, ina faili la vdev_id.conf, ninaeleza humo mlango upi ni tundu lipi, na viungo vinatokea chini ya /dev/disk/by-vdev. Tundu la 7 ni la 7 kwenye kila seva. Kwangu hilo ndilo jina lile lile kila mahali, na linafanana na kibandiko kilichobandikwa mbele ya kabati.

Mtunza Seva

Dada, nakubali, na nashukuru. Niliandika kama mtu mwenye LUN za pamoja tu. Kwa diski za ndani zinazobadilishwa kwa mkono, tundu ndilo lenye maana. Ila mahali hapafai kabisa diski inapoonwa na seva mbili kwa nyuzi za mtandao wa hifadhi: LUN moja yenye njia nne inajitokeza mara nne kwenye kila seva, kwa by-path nne, na hazifanani kati ya seva. LUN kumi ni majina 40 ya sd kabla hujasema lolote.

Mwanafunzi wa Linux

Shikamooni wakubwa. Swali. Kazini tuna seva mbili zinazotumia LUN za pamoja, na multipath (inayokusanya njia zote za LUN moja kuwa kifaa kimoja) imewashwa. Naona mpatha, mpathb, mpathc mpaka mpathf kwenye seva zote mbili, na idadi inalingana. Je, hapo tuko salama, au nayo ni kama sda?

Kipimo

Marahaba. Hapana, usilale usingizi. Hayo majina yanatokana na chaguo la multipath liitwalo user_friendly_names. Kila seva inatunza orodha yake kwenye /etc/multipath/bindings: jina upande mmoja, WWID upande wa pili. Orodha inajazwa kwa mpangilio ambao seva hiyo ilizikuta LUN. Ndani ya seva moja jina linadumu baada ya kuwasha upya, na hilo ndilo linalowapa watu imani. Lakini seva ya pili ina orodha yake, na hakuna kinachozilazimisha kulingana.

Kuna mtego mwingine ambao huwa haujulikani. Nakala ya bindings inaweza kuwa imefungwa ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaotumika seva inapowaka. Ukihariri faili halafu usijenge upya initramfs, kwa dracut au chombo cha mfumo wako, seva inaweza kuamka na majina ya zamani.

Linganisha mafaili hayo mawili mstari kwa mstari leo. Usilinganishe idadi, linganisha WWID. Kisha andika alias (jina la kuchagua) kwa kila WWID kwenye sehemu ya multipaths ya /etc/multipath.conf, na faili hilo liwe moja kwa seva zote. Fanya hivyo wakati wa matengenezo.

Mlezi wa Hifadhidata

Nina pingamizi kutoka upande wa Oracle, maana najua wengi hapa wanapigania majina kwa sababu ya klasta za ASM, kisimamizi cha diski cha Oracle. ASM haihitaji jina moja kwenye nodi zote. Inaandika kichwa chake kwenye kila diski, ndani yake mna jina la kundi na jina la diski. Wakati wa kuanza inasoma kila kinacholingana na asm_diskstring (mpangilio unaotaja mahali pa kutafuta diski) na kuzitambua diski zake kwa kichwa hicho. Nodi ya kwanza ikiita LUN mpathb na ya pili ikaiita mpathe, hifadhidata inakwenda. Inachodai ni ruhusa sahihi za mmiliki na kundi. LVM nayo ndivyo ilivyo, mdadm (RAID ya Linux) pia: zinasoma metadata, hazijali herufi. Ceph, hifadhi inayosambazwa kwenye seva nyingi, inaweka OSD zake (sehemu zinazotunza data) juu ya LVM na wala haiulizi sdb ni nani. Programu zimeshalitatua tatizo hili. Tunalilazimisha kwa ajili ya macho yetu.

Mtunza Seva

Kila ulichosema ni kweli, Mlezi. Ila soma tena kisa changu. Si programu iliyofuta ile diski. Nilikuwa mimi. ASM inajua diski zake, lakini anayeingia na dd au parted (amri za kuandika na kugawa diski) hasomi kichwa cha ASM, anasoma jina. Siku ya kuondoa LUN, wa mtambo wa hifadhi anataja WWID, wa hifadhidata anataja jina la ASM, msimamizi wa seva anataja mpath, na katikati yao hakuna neno moja wanalolielewa wote. Macho yetu ndiyo yanayofuta diski.

Na ruhusa ulizozitaja zinawekwa na nini? Na kanuni ya udev. Ukishaandika kanuni inayosema "DM_UUID ikiwa mpath- na WWID hii, mmiliki awe fulani", kuongeza SYMLINK, yaani kiungo, kwenye mstari huo huo hakukugharimu kitu. Tukumbuke kwamba udev haibadilishi jina la diski lililotolewa na kerneli, inaongeza kiungo pembeni. Ndiyo tofauti na kadi za mtandao: hizo hazina faili chini ya /dev la kuwekewa kiungo, ikabidi zipewe majina mapya kabisa, na systemd 197 ya mwaka 2013 ilipoleta utaratibu huo watu waliikasirikia sana. Kwa diski hakuna anayekunyang'anya sdb yako. Uitazame tu, usiiandike.

Kipimo

Niongezee la mashine pepe, maana huko ushauri huu unaweza kugoma. Kwenye VMware, kama disk.EnableUUID haijawekwa TRUE, scsi_id (chombo kinachosoma kitambulisho cha diski) inaweza kurudi mikono mitupu na kanuni yako haitapata cha kushika. Kwenye KVM na virtio, diski haina seriali mpaka wewe uipe. Ukiipa, inaonekana kama by-id/virtio- na maneno uliyoandika, mwisho herufi 20. Google Cloud inafanya karibu hivyo hivyo: jina unaloipa diski linaonekana baada ya google- chini ya by-id. AWS kwenye mashine za Nitro, unaomba /dev/sdf unapata nvme1n1, ila kitambulisho cha diski kimo kwenye seriali ya NVMe. Palipo na nafasi ya kutoa jina kwa nje, litoeni huko huko.

Nyundo

Nimesogea, lakini sijafika mlipo. Snapshoti imenishinda, sina jibu. Hata hivyo alias nazo hazifanani kama mnavyodhani. Gawanya LUN iitwayo data kwa patisheni: kwenye SUSE utapata data-part1, kwenye Red Hat utakuta data1 au datap1 kulingana na toleo. Klasta yenye mifumo miwili tofauti itakuumiza. Na swali langu la mwanzo halijajibiwa: faili hilo ni la nani? Diski ikiondolewa, nani anafuta mstari?

Mtunza Seva

Kwa patisheni, mimi siziweki kwenye LUN za pamoja. LUN nzima inakuwa PV au diski ya ASM, basi.

Kwa umiliki: faili moja, kwenye git, linasambazwa na chombo kile kile kinachosambaza mipangilio mingine, na hakuna kulihariri juu ya seva. Kila usiku kila seva inatoa orodha ya majina na WWID, zinalinganishwa. Na WWID ikikosewa tarakimu moja, kiungo hakitokei, kazi inasimama. Skripti yangu ingesimama siku ile. sdb haikusimama, kwa sababu sdb daima inaelekea kwenye diski fulani.

Nyundo

Hiyo ya kusimama naikubali. Umiliki bado naona umeujibu kwa chombo badala ya mtu.

Mwanafunzi wa Linux

Nimelinganisha bindings kama alivyosema Kipimo. Nne zinafanana. mpathc na mpathd zimepishana: mpathc ya seva ya kwanza ndiyo mpathd ya seva ya pili. Tulikuwa na ratiba ya kuondoa mpathc kwenye seva zote mbili kesho asubuhi, na maelekezo yameandikwa hivyo hivyo, jina tu bila WWID. Nimempigia msimamizi wangu sasa hivi, kazi imeahirishwa.