Fundi kaniwekea ringi za saizi nyingine kwenye silinda iliyochongwa, halafu ananiambia Arusha hewa ni nyepesi!

Wakuu, salamu baadaye. Leo naandika na hasira, mnivumilie.

Nina kwadi mbili za watoto, zile pikipiki ndogo za magurudumu manne, za Kichina, cc 110. Nazikodisha mwisho wa wiki kwenye bustani ya nyama choma huku Njiro. Baba anakula mbuzi, mtoto anazunguka uwanja, kila mtu na furaha yake. Moja ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, nikaipeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Unga Limited. Simtaji jina wala gereji. Akashusha injini, akasema silinda imekwisha, ichongwe ipanuke kwa milimita 0.50, iwekwe pistoni mpya ya saizi hiyo, ringi mpya (zile pete za pistoni zinazoziba hewa isipite) na gasketi. Nikalipa 165,000. Sikuomba hata apunguze hela ya soda.

Siku ya kuichukua, napiga stata, inazunguka laini kama cherehani. Wanaojua injini wanaelewa kwamba huo ulaini si sifa. Injini yenye kompresheni, yaani inayobana hewa vizuri ndani ya silinda, inaitesa stata kidogo, unasikia kabisa inapanda, inashuka, inapanda. Hii ilikuwa inateleza tu. Ikawaka kwa choki baada ya kubembelezwa dakika tano, na mtoto wa miaka saba akiikalia kwenye nyasi inazima.

Nikampigia fundi. "Bosi, hiyo bado mpya, ringi hazijajikalia. Itembeze kilomita mia mbili itafunguka." Mzunguko wa uwanja wangu ni mita 60. Kilomita 200 ni raundi zaidi ya 3,300. Huyo mtoto angeshuka kwenye kwadi akiwa na ndevu.

Nikairudisha. Akaikalia siku nne, akasafisha kabureta (kabureta ilihusika nini?), akabadilisha plagi, akaniomba 15,000 nyingine. Hali ileile. Safari hii akaja na jibu jipya: "Bosi, Arusha tuko juu, hewa nyepesi. Kompresheni ya huku haiwezi kuwa kama ya Dar."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu kachukua jambo la kweli akaligeuza mwavuli. Ni kweli Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huku ni karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Kwa hiyo injini nzima ambayo ukiipima kompresheni Dar ingesoma psi 150 (psi ni kipimo cha presha), huku itasoma kama 127. Moshi mjini wako chini kuliko sisi, wao watapata zaidi kidogo. Haya, yangu nilipoipima kwa geji ilisoma 45. Hiyo 80 iliyobaki imechukuliwa na hewa ya mlima gani, Meru?

Niwe mkweli lakini, hiyo 45 nayo haikuwa ya haki, na hili limenifunza kitu. Nilimwendea kaka mmoja wa Kijenge anayetengeneza bodaboda, mtu wa maneno machache. Akauliza nilipima na geji gani. Nikamwambia ya magari, niliazima. Akacheka. Plagi ya injini hizi ina uzi wa milimita 10, kwa hiyo ile geji ilifungwa kwa kiunganishi na mpira mrefu. Sasa chumba cha moto cha injini ya cc 110 ni kidogo sana, kama cc 13 hivi pistoni ikiwa juu. Ukiongeza nafasi ya mpira ambao kivalvu chake cha kuzuia hewa kiko mbali huko kwenye geji, umeongeza chumba kingine juu ya chumba. Lazima isome chini. La pili, kwadi za watoto zina skrubu kwenye resi ya dole gumba, ya kumzuia mtoto asivute hadi mwisho. Sisi tulipima "resi ikiwa wazi yote" kumbe imefunguka robo tu, injini inanyimwa hewa. Akalegeza skrubu, akafunga geji yake yenye kivalvu mdomoni, akapiga stata hadi mshale ukatulia. 70. Bado ni uchafu, ila ni uchafu wa kweli.

Akatia oili kidogo kwenye tundu la plagi, nusu kijiko cha chai, akapima tena: 110. Ikipanda hivyo unashuku ringi, isipopanda unashuku valvu au gasketi. Mimi nikaanza kushangilia, akanituliza. Kwanza, oili yenyewe inapunguza nafasi ya chumba, kwa hiyo namba inapanda hata bila ringi kuhusika. (Ndiyo maana msije mkamwaga kijiko cha chakula humo! Chumba cha cc 13 ukikijaza oili, pistoni itagonga kitu kisichobonyea.) Pili, injini hizi silinda imelala, oili inatuama upande wa chini, haiizunguki ringi vizuri. Hakuiamini peke yake.

Tukaisukuma hadi kwa jamaa wa pancha mwenye kompresa. Pistoni juu kabisa, valvu zote zimefunga, hewa ikaingizwa kwenye tundu la plagi. Kwenye kabureta kimya. Kwenye bomba la moshi, kapumzi kadogo. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili, unasikia upepo wa Kisongo, yaani hewa inapita kwenye ringi na kushuka chini ya pistoni.

Alama za taimingi, zinazopatanisha valvu na pistoni, zilikuwa sawa, ile T kwenye sumaku na ile ya gia ya kamshafti, kwa hiyo mnyororo haukuruka jino. Tukavua hedi na silinda. Pistoni imepigwa muhuri juu, 0.50, safi kabisa. Kaka akatoa ringi ya kwanza, akaisukuma ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akapima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mpya inatakiwa iwe kama milimita 0.2. Ilikuwa 1.8! Hata bila geji unaona mwanga unapita. Ringi ni za saizi ya kawaida, za silinda isiyochongwa. Ukipanua silinda kwa 0.50, mzunguko wake unaongezeka kwa zaidi ya milimita 1.5, na huo ndio mwanya wenyewe.

Ilikuwaje? Dogo mmoja wa pale gereji aliniambia pembeni: ringi ya juu ilivunjika wakati wa kuvalisha silinda, akatumwa dukani haraka alete nyingine. Hakuambiwa saizi. Basi. Kitu ambacho fundi angeniambia siku ileile, ningenunua seti nyingine, tungecheka.

Na kale kapumzi ka kwenye bomba la moshi? Valvu ya moshi fundi aliikaza hadi mwisho, "isipige kelele". Inatakiwa iachiwe nafasi ya milimita 0.05. Ikipata moto inabaki wazi kidogo, hadi iungue.

Ringi peke yake za 0.50 sikupata, nikanunua seti nzima na pistoni yake, 38,000, silinda ikakwaruzwa upya kidogo. Leo imesoma 125, kwenye hewa hiihii nyepesi ya Arusha.

Nimemwomba fundi anirudishie angalau hela ya seti na ile 15,000. Jibu lake: "Bosi, ringi ni ringi." Ringi zake ninazo zote kwenye kopo la Blue Band, nampelekea Jumamosi azipime mwenyewe mbele ya wateja wake. Na mwenye kumjua anayeuza ringi peke yake za silinda ya milimita 52.4, saizi ya 0.25 na 0.50, Arusha au Moshi, aniambie hapa. Kwadi ya pili imeanza moshi jana.