Iron 883 au Indian Scout kwa matumizi ya Mombasa?

Kijana_wa_Tudor

Salaam wadau. Kuna pikipiki mbili za mkono wa pili ninazozitazama na bei zake hazipishani sana: Harley-Davidson Iron 883 ya 2016 na Indian Scout ya 2018, ile ya cc 1133. Kazi yake ni ya kila siku, Tudor hadi Changamwe kupitia Makupa, Likoni kwa feri mara moja moja, na wikendi Malindi au Kwale.

Ubishi wa nani alitangulia, Indian 1901 au Harley 1903, tuuache. Nataka kujua ipi itahimili joto, foleni na chumvi, ipi fundi wa kawaida ataiweza, na nikague nini kabla sijatoa pesa. Kuna jamaa pia ananishawishi nichukue Victory kwa kuwa bei yake imeshuka sana. Nimsikilize?

Spana_ya_Makupa

Waalaikum salaam. Victory achana nayo. Ilikuwa chapa ya kampuni ya Polaris, haohao walioinunua Indian mwaka 2011, na Januari 2017 wakatangaza kuifunga. Spea waliahidi miaka 10 tu tangu hapo. Injini haina neno, lakini siku moduli ya umeme ikifa utabaki na pambo la sebuleni.

Kwa hizo mbili, mimi naipa Scout. 883 ina silinda mbili zilizopangwa kama V ya nyuzi 45, inapozwa kwa hewa, gia 5, nguvu kama farasi 50. Scout ni V ya nyuzi 60, ina rejeta (inapozwa kwa maji), gia 6, farasi 100. Uzito zinakaribiana, kilo 255 hivi kila moja ikiwa na mafuta. Farasi za ziada hutazitumia baina ya Tudor na Changamwe, kwa hiyo usizilipie. Lipia rejeta. 883 ikiwa mwendoni inapumua vizuri, lakini ikikwama Kibarani nyuma ya malori saa saba mchana hakuna hewa ya kuipoza, na silinda ya nyuma, iliyojificha nyuma ya mwenzake, ndiyo inayochemka kwanza. Paja lako la kulia litakupa habari. Scout nayo inaunguza miguu, ila feni ikiwaka joto la injini linadhibitiwa.

Lakini rejeta ina masharti. Imekaa wima katikati ya mabomba ya fremu nyuma ya gurudumu la mbele, kwa hiyo mchanga wote unaorushwa na tairi unaishia hapo. Ioshe kwa maji yasiyo na presha, maana mashine ya presha inakunja mapezi yake na hewa haipiti tena. Na usiongeze maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya rejeta na pampu ya maji kutoka ndani, polepole, bila wewe kuona chochote mpaka ivuje. Tia koolanti iliyochanganywa nusu kwa nusu tayari, basi.

Jambo la pili ambalo watu hulipuuza ni spana. Indian ya sasa ni milimita. 883 ni inchi. Fundi wa mtaani ana namba 10, 12, 13, 14. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7, akiivamia kwa namba 13 inazunguka kidogo, inazunguka tena, na kona za kichwa zimeondoka. Ukichukua Harley, nunua seti yako ya inchi na ya Torx (za bolti zenye tundu la nyota), uende nayo gereji na uondoke nayo.

Bi_Sukani

Spana, kuhusu foleni sikupingi. Ila umeziruka vali.

Scout ina kemshafti (shafti zinazofungua vali) mbili juu ya kila silinda na nafasi ya vali inarekebishwa kwa shimu, vibati vya unene tofauti. Kuipima tu ni kazi: lazima ufungue kutoka juu mpaka vifuniko vya vali, upitishe fila geji, na ukikuta vali moja imebana, kemshafti inatoka. Fundi asiyejua kurudisha taimingi, yaani mpangilio wa kemshafti na injini, atakupindia vali. 883 ina lifta zinazojirekebisha kwa presha ya oili, kwa hiyo vali husahihishi kabisa. Kijana, jiulize kama unamjua mtu Mombasa unayemwamini na taimingi ya Scout. Kama humjui, ile 883 ya kizamani ndiyo pikipiki yako.

Sevisi yake unaifanya mwenyewe. Oili ni 20W-50, inaingia lita 2.65 pamoja na filta. Iwashe hadi ipate moto, zima, kisha mwaga kupitia mpira ulio chini ya tangi la oili. Injini na giaboksi havichangii oili: giaboksi iko pamoja na praimari (kasha la mnyororo unaopeleka nguvu ya injini kwenye klachi), na humo inaingia lita 0.95. Ukifika hapo kagua mnyororo wa praimari kupitia kifuniko kidogo cha ubavuni. Injini ikiwa baridi, mnyororo uchezee milimita 9.5 hadi 12.7 juu na chini. Zungusha injini upime sehemu kadhaa, halafu rekebisha kwa ile iliyobana zaidi. Ukirekebisha kwa iliyolegea, mnyororo utakaza mahali pengine na kuzitafuna beringi.

Kosa linalowakuta wengi ni hili. 883 ikilala wiki kadhaa, oili inajipenyeza kutoka kwenye tangi kwenda chini ya injini. Mtu anachomoa kijiti cha kupimia, anaona oili imepungua, anaongeza nusu lita. Akiwasha, pampu inairudisha ile ya chini, tangi linajaa kupita kiasi, na oili inatokea kwenye filta ya hewa. Kisha anatangaza kwamba Harley zote zinavuja! Washa kwanza, ipate moto, ndipo upime.

Scout injini, klachi na giaboksi vinatumia oili moja, 15W-60. Usitie oili ya gari. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani yake itaanza kuteleza ukivuta gia za juu. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Ukiweza kuongeza pesa, itazame Harley Nightster ya kuanzia 2022. Ni cc 975, ina rejeta, vali zake pia zinajirekebisha, na uzito ni kama kilo 220. Imemaliza ugomvi wangu na Spana, ingawa bei yake nayo ina ugomvi wake.

Nyali_Upande_wa_Pili

Tangi la Iron na la Scout yote ni lita 12.5, kwa hiyo Malindi na kurudi unaweza bila wasiwasi mwingi. Asikuuzie mtu Harley Forty-Eight kwa kukuambia "ni Sportster ileile", familia moja na Iron: tangi lake halifiki lita 8.

Zote mbili zinaendeshwa kwa mkanda, si mnyororo. Kwa hewa ya bahari hiyo ni neema, maana haupati kutu na hautaki oili. Adui wake ni kokoto. Ukitoka lami kuelekea fukwe za Diani au ndani ya Kwale, jiwe dogo likiingia baina ya mkanda na puli ya nyuma linatoboa. Ukifika nyumbani zungusha gurudumu polepole na utazame meno yote. Nyufa ndogo za juu juu unaweza kuzifuatilia; ukiona nyuzi za ndani zimetokeza, badilisha. Mvutano unapimwa katikati ya mkanda wa chini kwa nguvu ya kilo 4.5, na kila modeli ina kipimo chake kwenye kitabu.

Chumvi: baada ya feri au ufukweni, suuza kwa maji ya mfereji, si ya kisima, halafu uendeshe kidogo diski zikauke. Oili ya breki ni DOT 4 kwa zote, na inanyonya unyevu wa hewa, unyevu ambao sisi tunao wa kugawa. Badilisha kila miaka 2 hata kama hujatembea. Mwaka 2018 Harley iliziita kiwandani modeli zake za Touring na V-Rod za 2008 hadi 2011 zenye ABS kwa tatizo la vali za ABS kuganda, na oili ya breki iliyopitwa na muda ilitajwa humo.

Na matuta yetu yapande polepole. Scout iko milimita 135 tu kutoka chini, Iron 140.

Wakala_wa_Kilindini

Karatasi kwanza, injini baadaye. Namba ya fremu iko kwenye shingo ya usukani. Harley zilizotoka Marekani huanza na 1HD au 5HD, Indian huanza na 56K. Herufi ya 10 ni mwaka wa modeli: G ni 2016, J ni 2018. Ikiwa muuzaji anasema 2018 na herufi ni G, mazungumzo yameisha. Linganisha na logbuku, na hakikisha umiliki unahamishwa kwenye mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) kabla pesa yote haijatoka mkononi.

Kama iliagizwa kutoka Marekani, itafute namba hiyo kwenye rekodi za huko. Baadhi zinazofika kwa bei ya kutupa zilifutwa na bima baada ya ajali au mafuriko. Iliyozama utaijua kwa viunganishi vya waya: toa kiti, chomoa plagi moja au mbili, ukiona unga wa kijani kwenye pini, rudisha kiti na uage.

Dai fobu (rimoti za ulinzi) zote na namba ya PIN. Fobu ikipotea na PIN huna, pikipiki nzima inakuwa ya kusukuma.

Kuhusu spea za kesho: Oktoba 2025 Polaris walitangaza kuuza sehemu kubwa ya Indian kwa kampuni ya uwekezaji ya Carolwood LP. Haina maana kwamba inafungwa, lakini kwa Scout ningenunua filta, pedi za breki na mkanda wa akiba mapema. Sportster za injini ya Evolution, kama hiyo Iron, zilitengenezwa tangu 1986 na spea zake zimejaa duniani, za kiwandani na za kuiga.

Kijana_wa_Tudor

Shukrani sana wakubwa. Naelekea kwenye Iron. Tatizo ni kwamba mwenyewe anasema taa ya injini inawaka mara moja moja na kuzima, eti ni sensa tu.

Bi_Sukani

Usikubali "sensa tu" bila kusoma kodi (namba za hitilafu), na kuzisoma huhitaji mashine. Swichi ya kuzimia injini iwe kwenye RUN. Shikilia kitufe cha tripu, fungua ufunguo, kisha achia. Kioo kitaandika "diag". Bonyeza kupita moduli moja moja na uandike kila kodi kabla hujafuta chochote. Kodi inayoanza na P ni ya injini.

Ikija P0562, maana yake umeme wa betri uko chini, basi pima chaji hapohapo kwa mita. Ikiwa imezimwa muda, betri isome volti 12.6 hadi 12.8. Washa, panda hadi mizunguko 2,500 au 3,000, isome 14 na kitu. Ikibaki chini ya 13, chomoa plagi ya stata (koili inayozalisha umeme). Baina ya pini zake na chuma cha injini pasiwe na mawasiliano hata kidogo. Yakiwepo, stata imeungua, na hiyo ni kufungua upande wa praimari wote. Ikiwa stata ni safi, mshuku regyuleta (kidhibiti cha chaji): imefungwa chini mbele ya fremu, inakula maji ya barabarani na chumvi yote ya feri, na mara nyingi ni plagi yake tu iliyooza. Plagi utasafisha na kuipaka grisi ya umeme kwa nusu saa. Kama ni stata, mkate muuzaji kwenye bei, na umkate sawasawa, maana gasketi na oili ya praimari vinaingia humo humo.

Spana_ya_Makupa

Na mita uende nayo wewe, usitumie yake.