Naomba ushauri: binti mwenye usonji na matatizo ya kula

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka 15, aliyethibitika kuwa na usonji baada ya kutibiwa kwa muda mrefu kama mgonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Nimeelewa kwamba hali hizi mbili hukutana mara nyingi, na kwamba usonji wa wasichana huchelewa kutambuliwa.

Kinachonitatiza ni kwamba matibabu yote yamejengwa juu ya hofu ya kunenepa, ilhali yeye unene hautaji kabisa. Hutaka sahani ileile, vyakula visigusane, na mchuzi ukigusa hata ukingo wa chakula kikavu, mlo umekwisha. Harufu na kelele za chumba cha kulia humchosha kabla hajaonja kitu. Tena njaa haihisi mpaka mikono ianze kutetemeka. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliingiza ugonjwa wa kukwepa chakula usiotokana na hofu ya umbo, nami najiuliza kama huo ndio wake, ingawa (niseme ukweli) kanuni kali za kuhesabu kalori ambazo binti yangu amejiwekea zinanitia shaka.

Kwa mliolea mtoto wa namna hii, mlimwombaje daktari abadilishe mpango bila kuonekana mnapinga tiba? Je, akubaliwe kula chakula kilekile kila siku ili uzito urudi kwanza, au aendelee kusukumwa ajaribu vipya? Na mtaalamu wa lishe anayeuelewa usonji hutambulika kwa kuulizwa maswali gani?