Buster Keaton aliangushwa na sauti au na mkataba?

Swali
Ndugu wadau, kila ninaposoma habari za Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu bubu, naelezwa kwamba alipotea kwa sababu filamu zilianza kuwa na sauti. Hilo haliniingii akilini, kwani mtu aliyekulia jukwaani, akirushwa huku na huko na baba yake mbele ya watazamaji, hawezi kushindwa kuzungumza. Nini hasa kilimsibu?

Jibu la kwanza
Umeshuku panapostahili. Filamu zake za kwanza zenye sauti ziliuzika vizuri, tena kuliko nyingi za kimyakimya. Kilichomponza ni mkataba aliousaini mwaka 1928 na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, ambao baadaye aliuita kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Awali alikuwa na kikosi chake, na kichekesho kikikwama waliweza kusimamisha kazi, wakacheza besiboli hadi wazo lipatikane. MGM ilitaka kila kitu kiandikwe na kuidhinishwa kwanza. Ulevi ukazidi, ndoa ikavunjika, na mwaka 1933 akafukuzwa.

Jibu la pili
Naongezea upande wa hatari. Katika filamu yake Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anabaki amesimama kwa kuwa dirisha la darini limepita pale pale alipo, likimwachia inchi chache tu kila upande. Hapakuwa na ujanja wa kamera. Miaka minne kabla ya hapo, akiigiza, maji ya tangi la reli yalimbwaga hadi shingo ikagonga chuma. Aliendelea na kazi, na ni baada ya miaka mingi eksirei ilipoonyesha kuwa ilivunjika. Kampuni kubwa isingemruhusu nyota wake kujihatarisha hivyo.

Jibu la tatu
Nakubaliana nanyi, ila tusiisahau pesa. Filamu yake The General ya mwaka 1926, ambayo leo inasifiwa kila kona, iligharimu sana na haikupokelewa vizuri, ndipo mtayarishaji wake Joseph Schenck akamshauri ahamie MGM. Wala hakupotea moja kwa moja: alirudi hapo hapo MGM kuwatungia wengine vichekesho kwa malipo madogo, akaonekana na mchekeshaji mwenzake Charlie Chaplin katika filamu ya Limelight mwaka 1952, akafanya televisheni, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki mwaka 1966, akiwa bado anaitwa kazini.